Kilemba cha Mtani Wangu

Hivi wewe unayenisikiliza, umeshawahi kusifiwa mpaka sifa zenyewe zikakufanya utamani kujifunika kanga gubigubi ulale uvunguni mwa kitanda? Mie yamenikuta. Na uzee wote huu, nilisifiwa na watu ambao sijawaona na sitawaona, nikafurahi, nikacheka, nikajiona mtu wa maana kabisa, halafu ndiyo nikaja kujua walikuwa wananisifia nini. Ngoja nikueleze. Kaa vizuri, maana mie nikianza sijui kufupisha, na huyu mjukuu wangu anayeandika ninayosema ameshaanza kuguna.

Mie ni Mngindo wa Njinjo, huko bara kwenye mashamba, nikaolewa huku pwani, mji wa Masoko. Shule niliishia darasa la pili. Kusoma nasoma maandishi makubwa, ya ubavuni mwa basi na ya kwenye mfuko wa saruji. Madogo nayaachia wenyewe. Lakini mdomo, mdomo Mungu alinipa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ukinituma kununua chumvi narudi na habari ya kata nzima, na chumvi nimesahau.

Binti yangu wa mwisho ni muuguzi. Alipata kazi Ujerumani, kwenye nyumba wanamotunzwa wazee. Mie wazee wangu nchi ile waliiita ya Wadachi, na hawakuitaja kwa kucheka. Sasa fikiria mwanangu mwenyewe anakwenda kuwaogesha vikongwe vya Wadachi na kuwalisha uji! Nilimwambia, "Mwanangu, bibi yangu angefufuka leo angekufa tena." Akaenda. Akaolewa hukohuko na kijana wa Kitanzania, dereva wa malori, wiki nzima yuko barabarani. Halafu akapata mimba.

Kwetu binti akijifungua mtoto wa kwanza mama yake awepo, hilo halina mjadala. Wakanihangaikia viza, nikapewa miezi mitatu. Nikapanda ndege na kinu kidogo cha kutwangia viungo, nimekifunga kwenye blanketi, maana niliambiwa huko hakuna vinu. Pale uwanjani kijana wa Kidachi akakitoa, akakigeuza, akakinusa, akamwita mwenzake, naye akakinusa. Mie nimesimama tu, nimevaa soksi za mwanangu wa kiume.

Safari hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Kabla sijaondoka, mjukuu wangu huyu, mtoto wa kike wa mwanangu mkubwa, niliyemlea mwenyewe, aliniambia, "Bibi, ukifika huko uwe unanirekodia sauti. Kila unachokiona. Mimi nitaandika, niweke kwenye blogu watu wasome." Yeye yuko kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Masoko, anajua mambo hayo. Nikamwuliza blogu ndiyo nini. Akasema, "Ni kama baraza, Bibi. Ila wanaokaa wako dunia nzima." Akaipa jina Bibi Yuko Ughaibuni.

Baraza! Na mie na baraza, we acha.

Basi nikawa kila siku nikishamwogesha mtoto na kumkanda mzazi, nakaa jikoni naongea na simu. Nikaeleza habari ya kinu. Nikaeleza jinsi takataka za huko zinavyogawanywa, karatasi peke yake, maganda ya ndizi peke yake, chupa peke yake, na ukikosea jirani anakuja kugonga mlango anakuonyesha ganda lako mwenyewe. Nikaeleza kuhusu bibi wa ghorofa ya chini, kila nikitwanga tangawizi anagonga dari yake kwa ufagio, gu gu gu, na mie naitikia kwa mchi, gu gu gu, mpaka binti yangu akanipokonya mchi akasema, "Mama, hapa siku ya Jumapili hata msumari haupigwi! Utaniitia polisi!" Nikaeleza kuhusu wazee wa kule kazini kwa binti yangu. Siku moja alinipeleka. Wasafi, wamechanwa nywele, wamekaa kila mtu na kiti chake wanatazama dirisha. Hakuna hata mmoja wa kumtania mwenzake. Nikamwambia binti yangu, "Hawa hawaumwi. Hawa hawana watani."

Watu wakapenda. Mjukuu akawa ananisomea kwa simu walichoandika chini yake. "Shikamoo Bibi, nimecheka peke yangu kwenye treni." "Shikamoo Bibi, mimi niko Uarabuni nafanya kazi za ndani, nikisoma nasikia harufu ya nyumbani." Huyo wa Uarabuni alinikaa moyoni. Aliandika kwamba huwa anafungua blogu akiwa bafuni, maana ndipo tajiri yake hamfuati, na anaifungua aone kama Bibi amesema kitu. Jamani. Mie sijawahi kusubiriwa na mtu nisiyemjua. Marahaba nilikuwa naitikia kwa sauti jikoni, moja moja, kana kwamba wananisikia.

Sitadanganya, nilipenda. Nilipenda mno.

Sasa nikuletee mtani wangu.

Kuna duka la Waturuki karibu na kwa binti yangu, ndipo tulipokuwa tunapata bamia na mihogo iliyoganda kwenye barafu. Siku hiyo nimesimama pale, nasikia mtu nyuma yangu anasema kwa Kiswahili safi, "Bamia gani hizi, ngumu kama vidole vya maiti!" Nikageuka. Mama wa makamo, mnene kidogo, kilemba cha kitenge cha njano kichwani.

Nikamwuliza, "Mwanangu, wa wapi wewe?"

"Wa Songea, mama. Shikamoo."

"Songea ya Wangoni?"

"Kwani iko nyingine?"

"Marahaba yako naiondoa. Nipishe hapo, mla panya wewe!"

Binti yangu akashika kichwa. Yule mama akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe wa wapi mwenye mdomo huo?"

"Mngindo. Wa Njinjo."

Alipiga kofi, likasikika mpaka kwa muuza nyama. "Mtumwa wetu! Babu alisema kuna mmoja alitoroka na mzigo kichwani hajaonekana mpaka leo, kumbe ndiyo wewe! Umekimbilia huku? Mzigo uko wapi?"

"Nimekula! Ulikuwa panya wakavu!"

Tukakumbatiana pale katikati ya duka, tunatukanana na kulia. Yule Mturuki akauliza kama awaite askari. Si unajua mambo ya watani. Babu zao walikuja kwetu na mikuki, wakachukua watu na mifugo, tukapigana, na vita vilipokwisha ikabaki kutaniana tu, mpaka kesho. Mngoni akinitukana mie nanenepa. Na mtani hakasiriki, ndiyo sheria yenyewe.

Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa nyumbani. Binti yangu alipotakiwa kurudi kazini, zamu za usiku, mume yuko barabarani, na mie siku zangu zinakwisha, ni mtani aliyesema, "Mtumwa akirudi kwao, mtoto nitalala naye mimi. Mimi nasafisha ofisi asubuhi, usiku sina kazi." Bila yeye binti yangu angeacha kazi. Hilo liweke akilini.

Wiki ya mwisho ya kukaa kwangu, mama yake mtani akafariki huko Songea.

Kadi yake ya ukaazi ilikuwa ofisini inabadilishwa, asingeweza kutoka nchini akarudi. Akabaki. Tukaenda kwake. Watanzania wachache walikuja, wamekaa kwenye makochi, wamenyamaza, kila mtu ameshika simu. Maziko tuliyatazama kwenye simu ya mtu, picha inakatika, inaganda, jeneza limening'inia hewani, halafu ikazima. Na mtani wangu amekaa wima kama nguzo. Halii. Macho makavu. Anaitikia "asante, asante" kama anapokea wageni wa harusi.

Niliogopa. Mtu asipolia pale, atakuja kulilia wapi? Kule nyumbani asingeachwa hivyo. Watani wangeshafika, wameshavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanalala njiani wanazuia jeneza mpaka wapewe kitu. Nikatazama makochi yote yale. Mtani pale ndani ni mmoja tu, na ni mie.

Nikasimama. Kile kilemba cha njano kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari mlangoni. Nikakichukua nikakifunga. Nikajilaza chini, mlangoni, nimejinyoosha, nikasema kwa sauti ya kikongwe, "Siendi kaburini! Siendi, mie mama yenu! Siendi mpaka huyu binti aje anirudishie sindano aliyoazima kwangu akapanda nayo ndege! Na hao Wangoni waliobeba jeneza waambieni watazame mbele, watanidondosha, wote macho yako kichakani wanatafuta panya!"

Vijana wa kwenye makochi wakashtuka. Mtani wangu akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza. Akacheka, akacheka, kicheko kikapinda, na hapo ndipo kilio kikatoka, kile chenyewe, cha kutoka tumboni. Akashuka kwenye kochi akaniangukia pale chini, akanikumbatia kana kwamba mie ndiye mama yake kweli. Na akiwa pale, uso wake uko kwenye kilemba, akasema, "Mama, nilikwenda bila kukuaga. Nilitoka alfajiri kama mwizi. Nisamehe mama, sikukuaga."

Nikamjibu kwa sauti ileile ya marehemu, "Nimekuaga mimi, mwanangu. Nilikuwa dirishani." Kwani ningejibu nini?

Tulilia mpaka tukachoka. Baadaye nikapika uji, nikamwambia kilemba ndiyo haki yangu ya utani, sikirudishi. Akasema, "Chukua, mwizi wewe, ninyi ndivyo mlivyo." Nikajua amepona kidogo.

Ningeishia hapo leo ningekuwa nakaa nimenyoosha miguu bila wasiwasi. Lakini siku mbili kabla ya safari nilikaa jikoni, nikawasha simu, nikasimulia. Yote. Nikaigiza sauti zote mbili, ya marehemu na ya mwanawe. Hata lile la kutokumuaga nililisema, maana ndipo pazuri, nilijua kabisa kwamba ndipo pazuri. Msimulizi anajua mahali pa kushusha sauti. Nikaishusha.

Nikafika nyumbani, mapokezi hata sikwambii. Mjukuu alinikimbilia stendi, "Bibi, umetoboa! Ule mkasa wa msiba umesambaa kila kona!" Nilitembea barabara ya sokoni kama bibi harusi. Muuza samaki ananipungia. Yule Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye miaka yote nikiingia ananiuliza natazama au nanunua, siku hiyo aliniwekea kiti. Akatoa simu akawasomea wateja wake kwa sauti, ananiigiza mie ninavyomwigiza marehemu, "Siendi kaburini! Siendi!" Watu wanashika mbavu. Nami nikamsahihisha, nikamwambia, "Siyo hivyo, mwanangu, sauti itoke puani." Nikamwonyesha. Mbele ya watu. Nikamwigiza mama wa watu, kati ya majora ya vitambaa, ili wateja wa Mhindi wacheke.

Hapo nikipakumbuka uso unanichoma mpaka leo. Mjukuu ananiuliza kama apaondoe. Acha pakae.

Jioni binti yangu akapiga simu.

"Mama, ulimsimulia nini mtoto aandike?"

"Habari za huko, mwanangu. Watu wanafurahi!"

"Dada, huyo mtani wako, haji tena, mama. Jana nimemsubiri kumwachia mtoto, hakuja. Nimempigia, kanijibu vizuri tu, 'Samahani, sitaweza.' Nimekosa zamu. Kaka zake wamesoma, mama. Wote Songea wamesoma kwamba hakumuaga mama yao."

Nikakaa chini. Kulikuwa na mchele kwenye ungo nilikuwa napeta, nikawa nauchambua tu, nautoa huku naurudisha huku.

"Wanamwambia nini?"

"Wanamwambia alicheka mama yao anazikwa. Na kwamba aliondoka kama mwizi, akawaficha miaka yote. Mama, mimi bila yeye nafanyaje?"

Nikampigia mtani. Sikujua ningesema nini, nilijua tu nitamtukana naye atanitukana na mambo yataisha. Akapokea. Nikasema, "Wewe mla panya, umeninunia?"

Akasema, "Shikamoo mama. Umefika salama? Haya, nashukuru. Wasalimie nyumbani." Akakata.

Shikamoo mama! Wewe unaweza usielewe ilivyoniuma. Mngoni ananiamkia kwa adabu. Afadhali angenitukania ukoo mzima.

Nikawaendea bibi wenzangu niwaeleze. Wakanicheka. "Mtani anakasirika tangu lini? Huyo amesahau mila, ndiyo tabu ya kukaa ulaya." Mwingine akasema, "Wewe ulifanya kazi yako, tena nzuri. Wanakudai wewe au unawadai wao?" Nikarudi nyumbani sikutulia. Maana utani wa msiba ni wa pale mkekani. Mkeka ukishakunjwa, maneno yamekunjwa nao. Watani wangapi nimewaona wakimwigiza marehemu mpaka watu wakajikojolea, na kesho yake hakuna anayerudia hata neno. Hilo nililijua tangu nina meno ya utoto. Nililijua, nikaukunjua mkeka dunia nzima wakalie.

Nikamwambia mjukuu afute. Akafuta. Siku ya pili akaniambia watu walishanakili, wameweka kwao, mwingine ameweka mpaka muziki. Alisema hivyo akitazama chini. Nikamwona naye amekonda uso.

"Bibi," akasema, "mimi nilidhani kwa kuwa umenipa, basi ni vyetu."

"Na mie nilidhani hivyohivyo, mama'angu."

Nikauza mbuzi jike wangu tukapata nauli. Tukaenda Songea, mie na yeye, kwa Mnazi Mmoja, Masasi, Tunduru, mpaka kiuno kikawa si changu. Tulipofika tukauliza, tukaelekezwa kwa kaka yake mkubwa. Mtu mzima, mrefu, mwalimu mstaafu. Nilijipanga nikasema akinifukuza nitakaa nje ya ua. Akinipiga vijembe nitamshukuru Mungu.

Akatoka. Akainama. "Shikamoo mama. Karibuni. Poleni na safari."

Kikaletwa kiti kizuri. Yakaletwa maji ya kunawa, na ugali na kuku. Mkewe akapiga goti kunikaribisha. Heshima, heshima, kila upande heshima. Hakuna hata mtoto aliyeuliza mtumwa amerudi lini. Kuku yule sikumla, nilimmegamega tu. Mjukuu naye anatazama sahani.

Nikamwambia, "Baba, nimekuja kufagia kaburi. Nipe ufagio tu."

Akanitazama sana. Akanipa. Akatupeleka nyuma ya migomba, kaburi bado udongo mpya, msalaba wa mbao. Nikainama nikafagia. Sikusema neno la mzaha hata moja, na kwa mtani kufagia kaburi kimya ni kama kula chakula bila chumvi. Mjukuu akawa anaokota majani kwa mikono.

Yule kaka akakaa kwenye kigogo. Akasema, "Mama, sina ugomvi na ulichofanya kule kwa dada. Nimesoma, nami nilicheka. Hata lile la sindano ni kweli, mama alikuwa hivyohivyo. Nimeshangaa umemjuaje na hujamwona." Akatazama kaburi. "Lakini lile jingine. Unajua mama alituambia nini siku dada alipoondoka?"

"Sijui, baba."

"Alituambia dada alikuja usiku, akapiga goti, akaaga, akabarikiwa. Akatuonyesha mpaka mahali alipopiga goti. Miaka yote hiyo, mtu akimsema dada vibaya, mama anasema, 'Huyo aliniaga vizuri kuliko ninyi mtakavyoniaga.' Mama alimfichia. Akaingia na siri hiyo kaburini. Wewe umekuja umefukua."

Ufagio ulinidondoka. Nilikaa pale chini, kwenye udongo, nikajitupia kanga usoni. Nililia kwa haya, siyo kwa huzuni, na ni vilio viwili tofauti. Yule mama aliyelala pale, ambaye mie nilijifanya ni yeye mbele ya Mhindi na wateja wake, alikuwa ametunza neno la mwanawe miaka yote bila kumwambia hata mtoto wake wa kwanza. Na mie halikukaa kinywani hata wiki.

Mjukuu wangu akamwuliza yule kaka, kwa sauti ndogo, "Babu, yeye dada anajua kwamba mama yake alimfichia?"

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana. Tangu tusome tumekuwa tukimgombeza tu. Hatujamwambia."

"Mwambieni basi," mjukuu akasema. "Tafadhali. Mwambieni."

Akampigia palepale, kaburini. Tukaondoka mie na mjukuu, tukaenda kusimama kwenye migomba tusisikie. Nimejifunza, nikaziba na masikio kabisa. Nilimwona tu kwa mbali yule kaka anaongea, anaonyesha kwa mkono mahali, kana kwamba simu ina macho, halafu akatoa kitambaa akajifuta.

Kesho yake asubuhi tukaaga. Heshima ileile. Lakini tulipofika njiani, mkewe yule kaka akatukimbilia na furushi la chakula cha safari, moto bado. Akanitia mkononi, akageuka, halafu akasema bila kunitazama, "Humo ni kuku, hamna panya. Msije mkamwaga njiani, Wangindo hamkawii kutupa mizigo ya watu."

Niliubana ule mzigo kifuani mpaka ukaniunguza.

Mtani wangu alirudi kwa binti yangu, siyo siku ile wala wiki ile, lakini alirudi. Analala na mtoto. Mie bado ananiamkia. Na blogu ipo, mjukuu anaandika habari za hapa Masoko, kuku wangu, mvua, mambo ya sokoni, na yule msichana wa Uarabuni bado anaandika "Shikamoo Bibi". Namwitikia. Sikuifunga kwa ajili yake na wenzake, maana kosa halikuwa lao. Ila siku hizi akinisomea sifa mie namwuliza kwanza, "Wanasifia nini? Nisomee vizuri." Raha ile ya mwanzo, ya kuitikia marahaba jikoni, haijarudi, na nadhani ni sawa isirudi.

Haya niliyokusimulia leo, mtani ameyasikia kabla yako. Mjukuu alimpelekea sauti yangu yote, na lile la kuaga limo, na la kufichiwa limo. Tukasubiri. Jibu lilikuja kwa sauti, na mjukuu akanibandikia simu sikioni.

"Lisemeni lote, msitoe kitu. Nataka watu wajue mama yangu alinifichia namna gani. Na huyo mtumwa mwambieni aache kulia lia. Arudishe kilemba changu."

Nilikibusu kile kilemba, kiko hapa, nimekifunga sasa hivi ninapoongea. Sikirudishi ng'o.

Na kilichofanya asikie yeye kwanza ni ahadi ya mjukuu wangu. Tulikuwa stendi ya Masasi tunangoja gari la kutushusha Mnazi Mmoja, tunakula ule mguu wa kuku wa Songea. Sikuwa nimemwuliza kitu. Aliweka mfupa chini, akafuta mikono kwenye kanga yangu, akasema, "Bibi, nakuahidi. Cha msibani sitakiandika, hata ukinisimulia kwa sauti saba, ila mwenye msiba akitaka mwenyewe. Na cha mtu mwingine chochote, hakitoki kwenye mikono yangu mpaka mwenyewe awe amekisikia, na akisema hapana, basi nitakuwa nimekisikia mimi tu, na nitakufa nacho."